Haraka ya Nani, Hasara ya Nani?

Hotuba hii niliitoa jioni moja mbele ya watengeneza programu wenzangu hapa Nairobi, katika ukumbi ulio kando ya Barabara ya Ngong. Nimeiandika karibu sawa na nilivyoisema, na mwishoni nimeongeza swali moja lililotoka ukumbini.

Mabibi na mabwana, dada zangu na kaka zangu, hamjambo.

Nawashukuru sana, hasa ninyi mliotoka Rongai na Kahawa Wendani mkapambana na msongamano wa jioni ili mfike hapa. Nitazungumza Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Kazini mambo haya huwa tunayajadili kwa Kiingereza, lakini mtu ninayetaka kumzungumzia leo hajui Kiingereza, na sioni vyema kumtaja kwa lugha asiyoielewa.

Niliombwa niseme kuhusu ubora na kasi katika kazi yetu. Mara tu nilipoisoma mada hiyo nilikumbuka Desemba moja, miaka kadhaa iliyopita. Nilikuwa na miezi minne tu katika kampuni changa hapa mjini. Tulikuwa tumepata kazi ya chama cha ushirika cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, upande wa Kiambu. Kila mwisho wa mwezi wanachama walipanga foleni dirishani, karani akasoma daftari, akahesabu noti. Chama kilitaka pesa ziwe zinaingia kwenye simu ya mfugaji moja kwa moja, na kilitaka malipo ya Desemba yawe ya kwanza kupita njia hiyo. Mkurugenzi wetu akaahidi. Alipoahidi, hakuna aliyekuwa ameandika hata mstari mmoja.

Tuliandika. Mfumo ulikuwa unatuma agizo la malipo kwenye mtandao wa fedha, kisha unasubiri jibu kwa sekunde 30. Jibu lisipokuja, unahesabu kwamba agizo limeshindikana na unalituma tena. Ofisini tulijaribu kwa simu zetu tatu, na jibu lilikuwa linarudi kwa sekunde mbili. Kila mtu akaridhika.

Mimi nililiona pengo siku ya Jumatano. Itakuwaje agizo likifika, pesa zitoke, lakini jibu lichelewe njiani? Mfumo utatuma tena, na mtu atalipwa mara mbili. Dawa yake mnaijua wote: kila agizo libebe namba yake ya pekee, ili likirudi mara ya pili mfumo useme hili nimeshalilipa. Ilikuwa kazi ya siku mbili, pengine tatu ukihesabu majaribio. Nikaiandika kwenye orodha ya kazi, chini ya kichwa kilichosema "baadaye". Sikumwambia mtu.

Ijumaa saa kumi jioni tukapeleka hewani. Ilikuwa mwisho wa mwezi na msimu wa sikukuu, siku ambayo Kenya nzima inatumiana pesa. Majibu yakawa yanachukua zaidi ya dakika moja kurudi. Ilipofika saa kumi na mbili, wanachama 214 walikuwa wamelipwa mara mbili.

Ofisini tuliliita jambo hilo "tukio". Tuliandika ripoti, tukatengeneza ile kazi ya siku mbili kwa siku mbili, na mtu mmoja akasema afadhali, kwa sababu hakuna mteja aliyepoteza pesa, wote wamepata zaidi. Mimi pia nilijifariji kwa maneno hayo mpaka Januari, nilipotumwa pamoja na karani wa chama kwenda kuwaeleza wanachama nyumbani kwao.

Mama mmoja alitukaribisha chai. Alikuwa amelipwa shilingi 11,400 mara mbili. Nilipomweleza, alinyamaza kidogo, kisha akaniambia, "Kijana wangu, mimi nilidhani ni bonasi. Nilimshukuru Mungu, nikampeleka mtoto kidato cha kwanza." Alienda ndani akaleta risiti ya shule kunionyesha kwamba hakuzila ovyo. Hiyo risiti bado naiona. Mama wa umri ule anajitetea mbele yangu, na mwenye kosa ni mimi.

Chama hakikuwa na jinsi ila kukata malipo yake ya maziwa kidogo kidogo, hadi Aprili. Kampuni yetu ililipwa ada yake kamili kwa kumaliza kazi kwa wakati.

Ndugu zangu, hilo ndilo ninalotaka tulifikirie leo. Haraka ilikuwa yetu, na hasara ikawa yake.

Tunao msemo katika fani yetu, deni la kiufundi. Aliyeuleta mfano huo ni Ward Cunningham, mtengeneza programu wa Marekani, mwaka 1992, na aliuleta kwa nia njema. Alikuwa anaeleza kwamba kupeleka msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, ambao bado haujakomaa ni kama kukopa: unapata kitu mapema, unajifunza kutoka kwa watumiaji, kisha unarudi kulipa kwa kuuandika upya vizuri. Usipolipa, riba inakula. Mimi sina ugomvi na mfano huo. Nina ugomvi na jinsi tunavyoutumia, kwa sababu katika mkopo wa kawaida anayekopa ndiye anayelipa.

Wengi wenu ni wanachama wa SACCO. Mnajua hutapata mkopo mkubwa bila wadhamini. Unamwendea mwenzako, unamweleza unakopa nini na kwa nini, anakuuliza maswali, na akikuamini anatia sahihi. Ukishindwa kulipa, akiba yake inaguswa. Sasa tazama tunachofanya sisi. Tukiruka majaribio ili tuwahi tarehe, tunakopa, na mdhamini wetu ni mfugaji wa Kiambu, ni mwendesha boda wa Kawangware, ni muuza mitumba wa Gikomba. Hakuna aliyemwuliza. Hakutia sahihi popote. Mambo yakiharibika, akiba yake ndiyo inayoguswa kwanza.

Najua mtanijibu nini, kwa sababu nimekaa kwenye vikao hivyo. Mmoja husema haraka haraka haina baraka. Meneja humjibu kwamba chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Wote wawili wanasema kweli, na kikao hakiendi popote. Methali hazitatuamulia. Lazima tuitazame kazi yenyewe iliyo mezani na kuuliza: hapa tukikosea, kosa litarudishika?

Ukibadilisha rangi ya kitufe na watu wasiipende, unairudisha kesho asubuhi. Hakuna aliyeumia. Kwa kazi kama hiyo, nenda mbio, wala usiitishe kikao. Ujumbe mfupi ukishatoka kwenda kwa wateja elfu kumi, haurudi. Pesa ikishatolewa kwa wakala, hairudi. Data ikishafutwa na nakala ya akiba haipo, imekwenda. Kipimo cha dawa kilichokosewa kwenye skrini ya hospitali kikishaingia mwilini, kimeingia. Maji yakimwagika hayazoleki. Hapo ndipo kasi inapaswa kupungua, hata kama mteja amesimama mlangoni.

Tazameni simu zenu. Ukituma pesa kwa M-Pesa, mambo yote yanakwenda haraka ila mahali pamoja: jina la mpokeaji linatokea na unapewa nafasi fupi ya kusitisha. Kuna mtu aliyekaa akaamua kwamba hapo mteja apunguziwe mwendo, hata kama anakereka. Na wote mnaijua namba 456, ile ya kuomba pesa zirudishwe ukikosea. Inasaidia ukiwahi kabla mpokeaji hajazitoa. Akishazitoa, mambo yanakuwa mengine. Yeyote aliyepanga hayo alielewa mlango ambao kosa halirudi, na akaweka mlinzi hapo, badala ya kusambaza walinzi nyumba nzima.

Nawaomba mnivumilie kidogo kwa mifano miwili ya nje, kwa maana inaonyesha kitu ambacho tunakichukua kirahisi mno, yaani maneno "tukiharibu tutarudisha toleo la nyuma".

Tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya Knight Capital ya Marekani ilianza kutumia toleo jipya la programu yake ya kununua na kuuza hisa. Seva, yaani kompyuta zinazoiendesha programu hiyo, zilikuwa 8. Toleo jipya liliwekwa kwenye 7, ya nane ikasahaulika, na hakukuwa na mtu wa pili wa kukagua. Ndani ya seva hiyo ya nane kulikuwa na kipande cha msimbo ambacho hakikuwa kimetumika tangu 2003, ila hakuna aliyejisumbua kukifuta. Swichi iliyokuwa ikikiwasha zamani ilikuwa imepewa kazi nyingine katika toleo jipya. Soko lilipofunguliwa, seva saba zikafanya kazi mpya, na ya nane ikamfufua maiti. Ikaanza kununua na kuuza bila kujua pa kukomea.

Wakaamua kurudisha toleo la nyuma. Waliondoa msimbo mpya kwenye zile seva saba zilizokuwa zikifanya kazi sawasawa, na zote zikaanza kufanya kosa lile lile la ya nane. Katika dakika 45 kampuni ilipoteza dola zaidi ya milioni 440. Asubuhi hiyo, kabla soko halijafunguliwa, mfumo wao wenyewe ulikuwa umewatumia wafanyakazi barua pepe 97 zenye dalili ya tatizo. Hazikushughulikiwa.

Kwa hiyo mtu akikuambia "tutarudisha", mwulize ameshawahi kurudisha lini. Njia ya kurudi ambayo hujawahi kuipita si njia. Katika timu yangu ya sasa tunairudia kila mwezi, mchana, kila mtu akiwa macho, na mara ya kwanza tulipoijaribu ilitushinda kwa saa nzima. Nilifurahi sana kwamba ilitushinda siku hiyo.

Mfano wa pili mnaukumbuka. Ijumaa, tarehe 19 Julai 2024, saa moja na dakika tisa asubuhi kwa saa za Nairobi, kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilituma faili moja dogo la maboresho. Waligundua kosa wakaliondoa saa mbili na dakika 27. Dakika 78 tu! Ni wangapi kati yetu wanaoweza kugundua na kuondoa kosa kwa dakika 78? Lakini kompyuta zilizolipokea zilikuwa zimezima na kila zikiwashwa zinazima tena, kwa hiyo hazikuweza kupokea marekebisho. Microsoft ilikadiria kompyuta milioni 8.5. Mafundi walilazimika kuzifikia moja moja kwa mikono, kwenye viwanja vya ndege, hospitalini, kwenye mabenki. Faili lile lilikwenda kwa kila mtu kwa wakati mmoja. Lingeanza kwa kompyuta chache, zingezima hizo chache, na siku hiyo tusingeikumbuka. Kampuni yenyewe baadaye ilisema itakuwa inatoa maboresho ya aina hiyo kwa awamu.

Sasa msidhani nimekuja kuwahubiria kwenda polepole. Nimewahi kukosea upande ule mwingine pia, na hapo sikuumiza mtu kwa kumlipa mara mbili, ila niliwapotezea watu muda wao na pesa za aliyetuamini.

Baada ya lile la maziwa niliingiwa na hofu. Kazi yangu iliyofuata ilikuwa programu ya kuweka hesabu za vibanda, na nikasema hii haitaharibika. Tulikaa miezi mitano tukijenga mfumo wa kuhudumia watu milioni moja. Majaribio yalikuwa mengi, kila kitu kimepangwa, kila mlango una kufuli. Tukaipeleka sokoni Githurai. Mwenye kibanda cha kwanza, mama wa nyanya na vitunguu, aliishika simu, akaitazama, akauliza, "Na bando ikiisha, inaandika?" Haikuwa inaandika. Bila intaneti ilikuwa haifanyi chochote. Tungemwonyesha mchoro kwenye karatasi wiki ya kwanza, angetuuliza swali hilo hilo wiki ya kwanza. Pesa za mradi zilikuwa zimekwisha. Alirudi kwenye kijitabu chake.

Je, msimbo ule ulikuwa na ubora? Mimi nasema haukuwa nao. Ulikuwa nadhifu, na unadhifu ni kitu kingine. Ubora unaanzia kwa yule mama, na hatukumfikia kwa miezi mitano.

Kuna wakati kuchelewa kwenyewe ndiko kosa lisilorudi. Hapa Nairobi tunao ushahidi wa hilo, na jina lake ni hilo hilo. Mwanzoni mwa Januari 2008 nchi ilikuwa inawaka moto baada ya uchaguzi, na matangazo ya habari ya moja kwa moja yalikuwa yamepigwa marufuku. Ory Okolloh, mwanablogu wa Kenya, aliandika mtandaoni akiuliza kama kuna wataalamu wanaoweza kuweka kwenye ramani mahali ambapo watu wanaumizwa. Erik Hersman, Juliana Rotich, David Kobia na wenzao wakaitika, na katika siku chache tovuti ya Ushahidi ilikuwa hewani. Ilikuwa ramani, fomu ya kutolea taarifa na njia ya kutuma ujumbe kwa simu. Wangengoja wiki sita ili iwe nzuri, wangekuwa wamejenga kumbukumbu ya kihistoria. Baadaye programu hiyo iliandikwa upya, ikaimarishwa, ikatumika Haiti baada ya tetemeko la 2010 na katika nchi nyingine nyingi. Deni lao walilikopa kwa sababu inayoeleweka, na walilipa wenyewe.

Angalieni walichopunguza. Hawakupunguza ukaguzi wa taarifa zilizokuwa zinaingia, kwa sababu taarifa ya uongo wakati ule ingeweza kuua. Walipunguza ukubwa wa kitu chenyewe. Hilo ndilo ninalotamani mameneja mlioko hapa mlichukue mwende nalo nyumbani. Tarehe ikiwa haisogei, basi kazi isogee. Punguzeni vipengele, msipunguze majaribio. Ripoti za rangi zinaweza kusubiri Februari. Namba ya pekee ya agizo la malipo haiwezi.

Tarehe zisizosogea zipo, na Mkenya anazijua: tarehe 30 Juni ya kutuma ritani za kodi, siku ya shule kufunguliwa, siku ya uchaguzi. Nitaje moja kwa uchungu. Machi 2013 tulikaa mbele ya televisheni tukitazama kura zikijumlishwa pale Bomas. Kura zilizokataliwa zilikuwa nyingi ajabu, na nchi nzima ikawa inabishana maana yake. Baadaye tume ya uchaguzi ikaeleza kwamba kulikuwa na kosa katika programu, na kwamba idadi ya kura zilizokataliwa ilikuwa ikizidishwa mara 8. Mfumo wa kupeleka matokeo ukaachwa, maafisa wakaja Nairobi na fomu za karatasi mkononi. Mimi sisemi nani alaumiwe. Nasema tu kama fundi: kosa la kuzidisha ni aina ya kosa linalonaswa na jaribio la mistari michache, ukipewa nafasi ya kuliandika. Na lilitokea katika nchi ambayo miaka mitano tu nyuma watu walikuwa wamekufa kwa sababu ya kutoaminiana juu ya hesabu. Imani ya watu ikishamwagika, hakuna toleo la nyuma la kuirudisha.

Ninyi mnaopenda vipimo, kuna utafiti. Kwa zaidi ya miaka kumi mradi unaoitwa DORA umekuwa ukiwauliza maelfu ya watu wa fani yetu jinsi wanavyofanya kazi. Kwa miaka mingi walipima mambo manne: unapeleka mabadiliko hewani mara ngapi, badiliko huchukua muda gani tangu kuandikwa hadi kumfikia mtumiaji, mabadiliko mangapi yanaharibu kitu, na kikiharibika unakirudisha kwa muda gani. Mara nyingi wamekuta kwamba timu zinazopeleka haraka ndizo hizo hizo zinazoharibu kidogo. Niliposoma hilo mara ya kwanza sikuamini. Halafu nikafikiria wanapeleka nini. Wanapeleka vipande vidogo. Badiliko la mistari ishirini unaweza kulisoma, kulijaribu, kuliweka kwa watu mia moja kwanza, na likiharibika unajua ni lipi. Badiliko la miezi mitatu likiharibika, unatafuta sindano katika gunia la mkaa. Kwa hiyo ule ugomvi wetu wa kasi na ubora, kwa sehemu kubwa, ni ugomvi wa ukubwa wa hatua.

M-Pesa yenyewe ilipita njia hiyo. Kabla ya kuzinduliwa Machi 2007 kulikuwa na majaribio yaliyoanza Oktoba 2005 pamoja na Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo, hapa Nairobi na Thika, wateja wasiofika 500. Lengo lilikuwa watu warejeshe mikopo yao midogo kwa simu. Watu wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao. Waliokuwa wakiendesha majaribio wakaona, wakaondoa mambo mengi ya mikopo, wakabakiza kitu kimoja rahisi: kutuma pesa nyumbani. Mwaka mmoja na zaidi tangu majaribio yaanze hadi uzinduzi! Leo ni mwekezaji gani angewavumilia? Lakini ilipotoka, mwaka 2007 haukuisha kabla wateja hawajapita milioni moja. Walikuwa wamekwisha kosea wakiwa wadogo.

Jambo moja la haraka kuhusu zana hizi mpya za akili bandia zinazoandika msimbo, maana najua mtauliza. Nazitumia kila siku. Zimeongeza kasi ya kuandika, hazijaongeza kasi ya kusoma. Zamani mwandishi alikuwa angalau mtu mmoja aliyeuelewa msimbo. Sasa inawezekana asiwepo hata mmoja. Kwangu mimi, msimbo unaogusa pesa au afya ya mtu na haujasomwa na binadamu wawili hauendi hewani, hata kama umeandikwa kwa dakika tatu na kila jaribio limepita.

Hapo ndipo nilipoishia jioni ile. Walipoanza kuuliza maswali, alisimama binti mmoja aliyekuwa ameketi nyuma kabisa. Alisema ana miezi mitatu tu kazini, na ameshaona kitu kinachomtia wasiwasi kwenye mfumo unaotarajiwa kutoka Ijumaa hiyo. "Mimi ndiye mdogo kabisa pale. Bosi ameshamwahidi mteja. Nitamwambia nini, na nani atanisikiliza?"

Nilimwambia asiende na maneno "si salama" au "ubora uko chini", kwa sababu bosi mwenye tarehe shingoni hayasikii maneno hayo. Aende na karatasi moja yenye mistari minne: ni nini kinaweza kutokea, kitampata nani, kinarudishika au hakirudishiki, na siku ngapi zinahitajika kukizuia. Akipenda aongeze kipengele kimoja kinachoweza kuachwa ili siku hizo zipatikane. Kisha amwombe bosi achague, na jibu alipate kwa maandishi, kwa heshima tu, bila vitisho. Mabosi wengi si watu wabaya. Hawajui kilichoandikwa chini ya neno "baadaye".

Akaniuliza kama mimi nilifanya hivyo. Nikamjibu hapana, na ndiyo maana yule mama alinionyesha risiti. Nikamsomea, mbele ya wote, nilichopaswa kuandika ile Jumatano, kwa kuwa nimekuwa nikikibeba miaka yote hii: "Mkurugenzi, Ijumaa mtandao ukizidiwa, mfumo wetu utawalipa wafugaji mara mbili. Pesa hizo watazitumia, na chama kitawakata. Nahitaji siku mbili. Tukiacha ukurasa wa ripoti, nitazipata."

Binti akainama, akayanakili kwenye simu yake, akabadilisha neno "wafugaji" akaweka la kwake.